Sahani ya nne: nilivyotafsiri episodi ya kutisha nikajikuta nimemtaja dada yangu

Wakuu, poleni na majukumu.

Hiki ninachoweka hapa kimenitokea mwenyewe, sijasimuliwa. Shahidi ni mama yangu, bahati mbaya hana akaunti humu.

Kazi yangu natafsiri muvi. Wale wanaokaa na maiki na kusema "sasa huyu jamaa anamwambia mwenzake..." ndio sisi. Kachumba kangu kako Sakina, nyuma ya duka la vifaa vya simu. Nimebandika magodoro ukutani ili honi za barabara ya Nairobi zisiingie. Wateja wanachukua kwenye fleshi.

Mwezi uliopita nikaletewa sirizi ya kutisha, ile aina ambayo kila episodi ina hadithi yake na watu wake, ikiisha imeisha. Episodi ya tatu ndiyo iliyonileta hapa.

Iko hivi. Baba, mama na kijana wao wanakaa mezani. Wanakuta sahani ya nne. Ina chakula cha moto na hakuna aliyeiweka. Wanamwaga. Kesho ipo. Wanaivunja, wanaifukia uani, kesho ipo tena.

Mimi nimetafsiri mizimu ya kila nchi, sishtuki hovyo. Hii ilinisisimua. Hakuna damu, hakuna kelele, ni sahani tu inatoa moshi. Nikasema leo nimepata kitu.

Kha! Kumbe waandishi waliishia hapo hapo.

Sahani ya nani? Hawasemi. Inataka nini? Hawasemi. Mwishoni mama anavuta kiti, anakaa mbele ya ile sahani, anaitazama kama dakika nzima, halafu majina ya waigizaji yanaanza kupanda. Nilikasirika kweli. Wazo tamu namna ile wameliacha bichi. Ni sawa na mtu akualike pilau halafu akuletee mchele.

Sasa niwape siri ya kazi. Sisi hatuandiki popote. Unawasha maiki, unaenda moja kwa moja mpaka mwisho. Na kimya hakiruhusiwi. Mtazamaji akisikia kimya anadhani fleshi imekufa, anarudi dukani na ugomvi. Kwa hiyo waigizaji wakinyamaza, unawasemea. Kila mtafsiri anafanya hivyo, anayekataa mwongo.

Ile dakika nzima ya yule mama, nikaijaza. Nilisema nini sikumbuki, nilikuwa na hasira na waandishi, na sikuwa nimekula tangu asubuhi. Nikafunga, nikakopi, nikasahau.

Hapa niwarudishe nyuma kidogo ili tuende pamoja.

Kwetu ni Akheri, chini ya Mlima Meru. Tulizaliwa wawili, dada yangu Elinami, halafu mimi Godi. Baba ni mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache. Miaka sita iliyopita dada aliolewa na Rashidi, fundi cherehani wa Sombetini, Mwislamu. Shemeji yangu ni mpole kupita kiasi, na upole wake haukusaidia chochote.

Baba hakupiga mtu, hakulaani. Alisema tu, "Jina hilo lisitajwe humu ndani."

Basi.

Mnajua kwetu mama anaitwa kwa jina la mtoto wa kwanza. Tangu nipate akili nasikia Mama Elinami. Sokoni, kanisani, kwa majirani. Baba mwenyewe alimwita hivyo. Kuanzia siku ile akawa anamwita Mama Godi. Mara ya kwanza mama alichelewa kuitika. Nilikuwepo, niliona.

Na mimi je? Naona aibu kuandika hili. Kutoka Sakina mpaka Sombetini siyo safari. Katika miaka sita nilikwenda kwa dada mara mbili, na zote mbili nilimdanganya mama kwamba nilikuwa kazini. Nilimwogopa mzee, sina maneno mengine.

Tuendelee.

Kila Jumapili baada ya ibada napanda nyumbani na fleshi. Mama anapenda, anasema mwanangu anawasemea Wazungu. Baba anashika kitabu chake cha nyimbo na kujifanya haangalii. Jumapili hiyo mama alikuwa amepika loshoro, ndizi na mahindi na maziwa mgando yake, ile ya kujaza bakuli. Nikachomeka sirizi. Ni mchana kweupe, kuku wanapita mlangoni.

Sahani ya nne ilipotokea, mama aliacha kula. Kitabu cha baba kikashuka mapajani. Nikajisifu moyoni, nikasema wamenasa.

Tukafika mwisho. Yule mama akavuta kiti. Nikasikia sauti yangu mwenyewe ikitoka kwenye runinga:

"Hii sahani ni ya Elinami. Mlikataza jina lake, mkadhani na njaa yake mmeikataza. Mwanangu Elinami, kaa ule."

Yesu wangu.

Wakuu! Naapa nilikuwa sikumbuki. Majina ya Wazungu huwa nayabadilisha, huyu nampa Juma, yule Asha, chochote kinachokuja mdomoni. Siku ile kilichokuja kilikuwa hicho.

Majina yakapanda mpaka yakaisha. Hakuna aliyegusa rimoti.

Baba akauliza bila kunitazama, "Godi, huyo mama amesema hivyo kweli?"

Njia ya kutokea ilikuwepo. Ningejibu ndiyo baba, ndivyo walivyoandika, na yeye Kiingereza hajui. Nikamtazama mama. Alikuwa ameshika kijiko, hakipandi hakishuki.

"Hapana, baba. Yeye amenyamaza tu. Hayo maneno ni yangu."

Baba akasimama, akavaa kofia, akatoka kwenda migombani.

Nikajua nimeharibu, na jina litakalofuata kukatazwa ni langu. Nikaanza kumwomba mama msamaha.

"Nyamaza," akasema. "Njoo uone."

Akanipeleka jikoni, akafunua sufuria. Ilikuwa imebaki loshoro ya mtu mmoja kamili.

"Miaka sita napika ya watu wanne," mama akasema. "Mkono umekataa kupunguza. Kila Jumapili hii nampelekea jirani, namwambia imezidi."

Nililia, na sitafuti kisingizio. Sahani ya nne ilikuwa kwetu muda wote, na mimi nakula pembeni yake.

Baba alirudi baada ya kama saa moja, mabuti yana udongo. Akasimama mlango wa jikoni. Akaitazama ile sufuria, akamtazama mama.

"Mama Elinami," akaita.

Safari hii mama hakuchelewa. "Abee."

"Leo hiyo isiende kwa jirani. Mpigie mtoto."

Mama akanisukumia simu yake, nikapiga mimi. Dada alipopokea, baba akaichukua simu. Miaka sita, nikadhani atakuwa na mahubiri. Akasema, "Elinami. Umekula?"

Upande wa pili kimya. Kimya kirefu. Mimi ambaye riziki yangu ni kujaza kimya, hicho nilikiacha kama kilivyo.

Jumapili iliyofuata walikuja, dada na shemeji. Msidhani yameisha yote. Baba na Rashidi hawakuongea mengi. Ila kabla hawajaondoka baba aliingia chumbani, akatoka na koti lake la kanisa lililofumuka kwapani, akampa Rashidi alishone. Shemeji alilikunja taratibu, akaondoka nalo Sombetini.

Waandishi wa ile episodi nimewasamehe. Kuna hadithi hazina mwisho mpaka zifike nyumbani kwa mtu. Huku Sakina wateja wananisumbua, wanataka episodi nyingine ya Elinami. Nawaambia haipo, hawaamini.

Karibuni kwenye komenti, hata wa kunisema kwamba nachakachua muvi, nastahili. Lakini kama kwenu kuna jina limekatazwa mezani, liandike hapa chini. Humu hakuna aliyelikataza.