Bunduki Mezani kwa Mjomba Elwood

Kila Jumapili ya kuamkia ufunguzi wa msimu wa kulungu, mjomba wangu Elwood Zerbe alitandika blanketi la jeshi juu ya meza ya jikoni, na wanaume wakaja kuonyeshana bunduki zao. Enzi hizo msimu ulifunguliwa Jumatatu na shule zilifungwa, maana hata walimu walikuwa milimani. Mimi nilikata soseji ya kulungu wa mwaka uliopita, nikatoa mayai yaliyolowekwa kwenye maji mekundu ya bitiruti, kisha nikasimama karibu na jiko kutazama mitutu inaelekea wapi. Tangu nilipozaa, sijui kukaa kwenye chumba chenye bunduki bila kujua kila moja imelala vipi.

Mjomba alilijua hilo na hakunicheka. Alifanya kazi miaka thelathini na minne kwenye kinu cha chakula cha mifugo, akapoteza kidole huko, na baada ya hapo akawa mtu wa kuhakikisha. Mezani kwake kulikuwa na sheria. Anayempa mwenzake bunduki aifungue, achungulie, aingize kidole, aseme, "Tupu." Anayepokea naye afanye vivyo hivyo. Ukikosea, Jumatatu huendi msituni. Mume wangu Dale aliwahi kukosea tukiwa wachumba, akashinda siku nzima akipasua kuni za mjomba. Alizipasua bila kununa, na nadhani ndipo nilipoamua kuolewa naye.

Mwaka ninaousimulia, Dale alikuja na bunduki mpya yenye kitako cha plastiki. Harlan Fetterolf, rafiki wa mjomba tangu utotoni, aliitazama kwa muda.

"Hiyo nini?"

"Bunduki, mzee."

"Nilidhani jagi la maji limeota mtutu."

"Jagi hili linafika yadi mia tatu. Yako ikifika ghalani inaomba kupumzika."

"Yangu ilimlisha mama yangu mgodi ulipofungwa," Harlan alisema, akiipangusa kwa kitambaa. "Hiyo yako hata mbwa hajaiogopa bado."

Kisha ikawa zamu ya mjomba. Bunduki yake, ya aina ya Savage, baba yake alimnunulia alipotimiza miaka kumi na miwili. Rangi ya kitako ilikuwa imefifia pale lilipokaa shavu lake, na ubavuni kulikuwa na kidirisha kidogo chenye namba ya risasi zilizobaki ndani. Akaanza hadithi ya kulungu wa kwanza, theluji ikiwa kiunoni.

"Mwaka jana ilikuwa magotini," Harlan alisema.

"Imeanguka tena."

Tulicheka, lakini mioyo ilikuwa mizito kidogo. Kesho yake ingekuwa Jumatatu ya sitini ya ufunguzi kwa mjomba bila kukosa hata moja, na daktari alikuwa amemwambia asipande tena mlima baada ya hiyo. Mjomba alikuwa ameizungumzia tangu kiangazi.

Akiwa katikati ya hadithi, aliinua bunduki, akasema, "Tupu," akampa Harlan. Hakuifungua. Harlan akasema, "Tupu," naye hakuifungua. Nani angemkagua Elwood? Harlan akaigeuza kwenye mwanga, na mtutu ukaelekea sinki, alipokuwa binti yangu Corinne akiosha sahani. Nikatazama kidirisha. Namba ilikuwa moja.

"Corinne, njoo huku," nilisema. "Harlan, ilaze chini. Ina risasi."

Mjomba aliichukua, akauelekeza mtutu sakafuni, akavuta wenzo, akaurudisha, akavuta tena. Risasi moja ikaruka, ikabingirika hadi kwenye bakuli la mayai.

"Niliijaribu Ijumaa," alisema polepole. "Nilizitoa zote. Nilizihesabu."

"Basi, yamekwisha," Harlan alisema. "Hakuna aliyeumia."

"Mjomba, kesho ni ya sitini," Dale alisema. "Sheria ni yako mwenyewe. Iache safari hii."

"Wewe ulipasua kuni, Dale."

Dale akaiokota risasi, akaiweka juu ya blanketi.

"Basi na mimi sikuifungua," Harlan alisema. "Nabaki nawe."

"Njoo na chakula chako. Unakula sana."

Usiku ule sikulala vizuri. Nilijiambia ningeweza kumwita Corinne tu, kisha kumnong'oneza mjomba pembeni. Asubuhi nikaenda kwake, na kwa kweli nilikwenda pia kuona kama hakuondoka. Buti zake zilikuwa mlangoni, kavu. Yeye na Harlan walikuwa jikoni wamevaa makoti, dirisha limefunguliwa kabisa, baridi imejaa ndani.

"Mjomba, nisamehe kwa jana."

"Kwa lipi, mwanangu? Kwa kuona?" Akanisogezea kiti. "Kaa usikilize."

Mlio wa bunduki ukatoka kwenye kilima cha mashariki.

"Huyo mtoto wa jirani Brosius," Harlan alisema.

"Baba yake. Mtoto hufyatua mara mbili."

Tukasubiri. Hakukuwa na mlio wa pili. Harlan akamimina kahawa bila kubisha. Tulikaa hivyo mpaka saa nne, mjomba akinitajia kila mlio ni wa nani na marehemu gani aliwahi kuwinda pale, na kila alipotaja jina, Harlan alitikisa kichwa kukubali.