Njia ya Ng'ombe Chini ya Bwawa

Mjukuu wangu anayekaa Membley ana gari na ana huruma, na vitu hivyo viwili vikikutana kwa mtu mmoja, mzee hapumziki. Mwezi uliopita alinitoa kitandani asubuhi, akanivika sweta mbili, akaniambia tunaenda kupunga hewa. Sikuuliza wapi. Kwa umri huu nimeacha kuuliza. Naingia, nafungwa mkanda, nangoja kuambiwa nishuke. Tuliposhuka nikaona maji. Lilikuwa lile bwawa la bonde letu, kati ya Ruiru na Thika, ambalo sikuwa nimelikanyaga tangu kabla mama yake hajazaliwa.

Siku hizi pana geti, pana mlinzi, pana ubao mkubwa wa rangi. "Shosho, cheki," mjukuu akasema, "hapa unaweza ku-row boat, ku-fish, kupanda farasi, ata kuna ile ya kuteleza na waya juu ya maji. Enzi zenu mlikuwa mnakuja out kama hivi?" Nikamjibu kwamba tulikuwa tunakuja kila Jumapili. Akafurahi sana, masikini. Akaenda kutafuta chipsi, nami nikabaki kwenye kiti cha plastiki na magoti yangu yanayouma. Yeye sikumweleza. Ingechukua siku nzima, na nilikuwa nimechoka tayari. Wewe ambaye tumezeeka pamoja nitakueleza, kwa sababu hutanikatiza kila mara kuuliza kama nina baridi.

Miaka ya hamsini lile lilikuwa shamba la kahawa la Mzungu mmoja, na sisi tuliishi kwenye laini, zile safu za vibanda vya wafanyakazi, juu ya mteremko. Kabla ya bwawa, chini kule palikuwa na kijito, na kando ya kijito palikuwa na shamba la nduma, yaani magimbi, la nyanya yangu, mama mzazi wa baba. Tulimwita cucu. Bwana mwenye shamba alipoamua kuziba kijito, alichukua wanaume wa laini wakate miti na kujenga ukingo wa udongo. Baba alikuwa mmoja wao. Alibeba udongo miezi na miezi, na alipomaliza, maji yakapanda yakafunika shamba la mama yake. Cucu alikuwa akisimama juu kila jioni kuyatazama. Majani ya nduma yalielea siku kadhaa, halafu yakazama.

Kisha bwana akanunua mashua mbili na wageni wakaanza kuja. Walitoka Nairobi kwa magari yao kila Jumapili, wakiwa na vikapu vya chakula na kofia za majani makavu. Wengine walivua samaki kwa ndoano, wengine walipiga bata kwa bunduki, wengine walitembea tu kutazama ndege na kuandika kwenye vijitabu. Ilikuwa Hali ya Hatari ya wakati wa Mau Mau, ile tuliyoiita imajensi, kwa hiyo hata kina mama walikuwa na bastola kiunoni huku wakila keki. Kazi yangu na ya mama ilikuwa kuosha vikombe pale ukingoni. Mpaka leo nikisikia harufu ya siagi na sigara pamoja, mikono yangu inahisi yale maji baridi.

Kuhusu samaki, utacheka. Bwana alipofurahi alimpa baba samaki mzima, na baba hangeweza kukataa zawadi ya bwana. Lakini nyumbani kwetu samaki hakuliwa. Kwa cucu, samaki alikuwa ndugu wa nyoka, na hata sufuria iliyompika ingetupwa. Basi mama alimpokea kwa kijiti, akamshika mbali na nguo zake, akampelekea jirani yetu aliyetoka Nyanza, mtu wa mashine ya kahawa. Jirani alishukuru kila Jumapili kana kwamba ni mara ya kwanza. Yeye ndiye mtu pekee wa laini nzima aliyejua kuogelea, maana alizaliwa kando ya ziwa.

Na hapo ndipo uongo wa baba ulipoingia. Bwana alipoleta zile mashua aliwapanga watu mbele ya fakitori ya kahawa, akauliza, "Nani hapa iko najua kuogelea?" Watu wa milimani wote wakatazama vidole vyao vya miguu. Jirani yetu hakujitokeza, kwa kuwa hakutaka kufanya kazi Jumapili, na hakuwa na haja ya kile bwana alichokuwa akitoa: barua. Atakayepiga makasia angepewa barua ya kusema kwamba mtu huyu anahitajika, asiguswe. Gari la askari lilikuwa likija kila mara, msako baada ya msako, kuchukua wanaume wetu Wakikuyu, na waliochukuliwa hawakurudi mwaka huo wala uliofuata. Mjomba wangu alikuwa ameshakwenda. Baba akainua mkono. "Mimi, bwana. Tangu mtoto."

Alijifunza kupiga makasia usiku huo nyumbani, amekaa kwenye kigoda, mikononi ana mipini miwili ya majembe. Mama alicheka mpaka akajishika mbavu, kisha akaanza kulia. Kuogelea hakuna aliyeweza kumfundisha. Watu wa laini tulikatazwa kuingia bwawani, na jioni palikuwa na kafiu, marufuku ya kutoka nje. Cucu ndiye aliyepata njia. Alichota majivu kwenye meko, akayamwaga sakafuni, akachora shamba lake kwa kidole.

"Hapa ni nduma," akasema. "Ukisimama hapa, maji yatakufika kifuani. Hapa ni shimo nilikotoa udongo wa vyungu. Usilikaribie, litakumeza. Hapa ni njia ya ng'ombe, ile niliyopanga mawe kando yake wasiingie kwenye nduma. Inapanda hadi kiwanja cha nyumba yangu ya zamani. Upite hapo hapo, mwanangu. Mtu akianguka, shuka usimame, umwokote."

Huko ndiko kulikuwa kuogelea kwa baba. Alikuwa anasimama.

Kwa hiyo kila Jumapili mashua yake ilikwenda kwa kupindapinda, ikifuata nduma, kisha njia ya ng'ombe, kisha kiwanja, na kurudi vivyo hivyo. Wageni waliipenda. Walidhani anawazungusha ili waone ndege. Siku moja memsahibu mmoja mnene aliteleza akatumbukia, na baba akaruka, akasimama, akamnyanyua kama mzigo wa kuni, maji yakiwa kifuani. Bwana alipiga makofi, akawaambia wageni kwamba mtu wake anaogelea kuliko bata. Baba alikuja nyumbani hana rangi. Watoto wenzangu walianza kumwita Kiboko, naye alitabasamu.

Sikuwa na raha na Jumapili, nikwambie ukweli. Nilikuwa na miaka tisa, na nilijua kitu ambacho kama kingetoka mdomoni mwangu tu, baba angechukuliwa. Mtoto hapaswi kubeba kitu kama hicho, lakini nani angekibeba?

Kisha masika moja ikaja na mvua isiyosikia. Ilinyesha wiki nzima, na bwana akaagiza lango la maji lifungwe ili bwawa lijae vizuri, kwa kuwa alikuwa amealika wageni wengi wa Pasaka. Alfajiri ya Jumapili hiyo baba na cucu walikwenda kutazama, nami nikafuata nyuma. Maji yalikuwa yamefunika jiwe langu la kuoshea vikombe na kupanda juu yake urefu wa mkono. Cucu akamwambia baba, "Leo sema unaumwa."

"Mgonjwa hana barua," baba akasema.

"Maji yatakupita kichwa pale kwenye nduma."

"Najua, maitu."

Hakumwita maitu, yaani mama, mara nyingi. Alikuwa mtu mzima mwenye watoto. Alipomwita hivyo cucu alivuta khanga yake kichwani akaondoka, hakutaka kuona zaidi.

Mchana jua lilitoka. Wageni walijaa. Kwenye mashua ya baba waliingia mama mmoja kijana na binti yake wa rika langu, amevaa kofia nyeupe yenye utepe. Nilimchukia kwa ajili ya ile kofia. Mashua ilikwenda taratibu, ikapinda pale pale ilipozoea kupinda. Yalikuwapo mayungiyungi juu ya maji, na yule mtoto akainama kuchuma moja. Mama yake alikuwa akitazama ndege. Sikusikia mlio wowote, niliona tu kofia ikielea.

Baba angeweza kumnyooshea kasia. Nimefikiria hilo miaka yote hii. Angeweza kupiga kelele, na ile mashua nyingine, waliyoipiga makasia wageni wenyewe, ingefika, labda kwa wakati, labda kwa kuchelewa. Lakini aliruka. Alijua hajui kuogelea, alijua maji yamempita, akaruka. Mama akaachia kikombe kikavunjika. Maji yakafunga juu ya baba, yakawa laini tu, na yule mama wa kizungu akaanza kupiga ukemi.

Kisha yule mtoto akatoka. Alitoka hadi kiunoni, akikohoa, na chini yake hapakuwa na mtu. Akaanza kuja. Alikuja polepole juu ya maji, wima, akiyumba kidogo, kama kitu kinachobebwa kichwani. Mimi nilijua. Baba alikuwa chini, anatembea. Alikuwa ameipata njia ya ng'ombe kwa miguu, anafuata yale mawe moja baada ya jingine, mikono juu, pumzi imefungwa. Nilihesabu hatua kwa kutazama mabega ya yule mtoto. Kumi na moja. Kwenye ya kumi na mbili ukatokea utosi wa baba, halafu macho, halafu mdomo wazi, na akasimama kwenye kiwanja cha nyumba ya mama yake, maji shingoni.

Walimvuta hadi nchi kavu. Alitapika maji na tope. Baba wa yule mtoto alimkumbatia mbele ya watu wote, jambo ambalo halikuwa likifanyika, na wageni walipiga makofi. Bwana pekee hakupiga. Alikuwa amechuchumaa karibu, anamtazama baba kwa makini, wala si kwa ubaya.

"Kwa nini wewe hapana ogelea?" akauliza.

Baba alipangusa mdomo. Angeweza kusema chochote. Angesema amebanwa na misuli, angesema mtoto alimkaba, na bwana angeamini, kwa sababu alitaka kuamini. Mama alikuwa akimtazama, nami nikimtazama.

"Sijui kuogelea, bwana," akasema. "Sijawahi kujua. Najua shamba la mama yangu, liko hapo chini."

Bwana hakumfokea. Aliagiza aletewe chai na blanketi. Jumatatu alimwita ofisini, akamshukuru tena kwa yule mtoto, akamweleza kwamba hawezi kuweka kwenye mashua mtu asiyejua kuogelea, akaichukua barua. Kazi alimpa jirani yetu wa Nyanza. Kinachonichosha zaidi katika mambo haya yote ni kwamba bwana alikuwa na haki. Hata mimi leo singempandisha mjukuu wangu kwenye mashua ya mtu kama baba. Jirani alikuja mlangoni jioni ile, akasimama nje, hakuweza kuingia. Mama alimwambia si kosa lake, akamkaribisha uji. Aliunywa amesimama, machozi yakimtoka.

Gari la askari lilikuja kabla kahawa haijachanua. Baba alikaa kizuizini miaka mitatu, huko kambini wafungwa walikokuwa wakichimba mifereji. Cucu alifariki mwaka wa pili, na tukamzika juu ya mteremko, mahali ambapo hakuwa amelima hata siku moja. Baba aliporudi alikuwa na kikohozi na nywele nyeupe, na mdogo wangu alimkimbia akidhani ni mgeni.

Yote hayo hayapo tena. Laini zilibomolewa, kahawa iling'olewa, ule mteremko umejaa ploti na maduka ya vyuma. Kaburi la cucu sina hakika liko chini ya nyumba ya nani. Hakuna hata mtu wa kuniambia ninakumbuka vibaya.

Nikiwa msichana mkubwa nilimuuliza baba mara moja tu. Tulikuwa tunapukuchua mahindi. Nilikuwa na hasira. Nilihesabu miaka mitatu, nikamhesabu cucu, nikaacha kuchagua maneno. Nilimuuliza kwa nini alisema kweli siku ile, na uongo ulikuwa bado mzima.

Alimaliza gunzi alilokuwa nalo. "Nilikuwa nimechoka kuogopa," akasema. "Basi."

Niliinuka nikamwacha na mahindi yake. Niliona hilo si jibu la baba mwenye watoto, na sikumsemesha siku mbili. Sasa nimepita umri aliokufa nao, na nimechoka kwa mengi, na ningetaka sana kurudi pale niketi nimsaidie kumaliza yale mahindi.