Gunia la Chumvi Kutoka Mgodi wa Zamani

Ukame ndio ulionitoa Kishapu. Ng'ombe wangu saba walikuwa mbavu tupu, na Mabula, mume wa dada yangu huko Geita, alikuwa ameniletea salamu: kijiji chao cha ujamaa kimepewa uwanja wa mgodi wa dhahabu uliofungwa, wanausafisha wapate mahali pa kulima na kujenga zahanati. "Njoo uone, shemeji. Ukipenda, uhamie." Nikamwambia mke wangu, Mama Limi, kwamba nakwenda kutazama tu. Mimi ni mtu wa kutazama kwanza, au ndivyo nilivyokuwa nikijisifu.

Ijumaa alfajiri nilidandia lori la pamba mpaka Shinyanga mjini, kisha nikapanda basi la Mwanza. Jumamosi nikavuka kwa kivuko hadi Busisi, nimeshika chuma kwa mikono miwili, maana mtu wa Kishapu hajazoea maji mengi kiasi kile. Nilifika jioni na vumbi mpaka kwenye kope. Dada akanipa ugali kwa maziwa mgando. Mabula alikuwa Nyarugusu kumwona ndugu yake mgonjwa.

Jumapili, watu wakiwa kanisani, nilikwenda peke yangu kuuona huo uwanja. Mashine zilikwisha ng'olewa. Lilibaki rundo la mchanga laini, limetoka ukoko mweupe juu, limezungushiwa miiba. Sasa nisikilizeni, wafugaji wenzangu. Kwetu kinachozungushiwa miiba ni kitu cha thamani: ngitili, malisho ya akiba. Nikawaza, kumbe hawa wajanja, wanaficha chumvi ya ng'ombe. Nikaruka ua, nikaonja kwa ncha ya ulimi kama baba alivyonifundisha. Chumvi ilikuwemo, na uchungu kidogo nyuma yake. Nikajaza nusu gunia, nikalificha nyuma ya nyumba ili dada asione aibu.

Jumatatu asubuhi nilimkuta Luhende, dereva wa kwetu aliyeleta mbegu za pamba Geita, akijiandaa kurudi. Nikampa gunia. "Mwambie Mama Limi ni chumvi ya ng'ombe, awape." Lori likaondoka, nami nikajiona nina akili kweli kweli.

Saa nne Mabula, aliyekuwa amerudi, akanipeleka kazini. Watu walikuwa wamejifunga vitambaa puani, wanasukuma mchanga ule kwa toroli hadi kwenye shimo refu lililosakafiwa kwa udongo wa mfinyanzi. Bwana Afya, aliyesimamia kazi, alinipa koleo.

"Usitie kitu kinywani kabla hujanawa, mzee," akaniambia. "Haya ni marudio, mchanga uliokwisha kutolewa dhahabu. Dawa walizotumia ni sumu, na zimebaki humo."

"Na huo weupe?"

"Huo ndio mbaya zaidi. Ng'ombe wanaulamba. Tulizika wengi ndipo tukaweka miiba."

Nikaliweka koleo chini. Nilimweleza Mabula yote. Hakucheka. Alisema tu, "Luhende sasa hivi amekwisha vuka."

Kwetu hakukuwa na simu. Nikaondoka saa ile ile, lakini gari la kudandia lilichelewa kupatikana, kivuko cha mwisho kikaniacha, nikalala Busisi. Jumanne basi lilipasuka gurudumu mbele ya Misungwi, tukakaa mpaka jua likazama. Kila nikimeza mate niliusikia ule uchungu, nisijue ni sumu au ni hofu. Niliogopa, sifichi.

Jumatano adhuhuri niliingia nyumbani kwa miguu. Kabla ya salamu nikahesabu ng'ombe: saba, wote wamesimama.

"Gunia liko wapi?"

"Pole na safari, Baba Limi," mke wangu akajibu. "Nimewagawia majirani kwanza. Kitu cha safari hakiliwi kabla jirani hajaonja, au umesahau? Fungu letu nimeliweka, nilikungoja wewe."

Nyumba nne. Nilikimbia. Katika tatu walikuwa hawajaigusa ile chumvi, nikairudisha yote. Ya nne ilikuwa ya Mama Sayi, mjane mwenye ng'ombe mmoja wa maziwa. Alikuwa amechuchumaa kando yake, anamfukuzia nzi.

"Alianza kutetemeka jana," akasema. "Nilimpa bakuli zima. Aliipenda sana."

Ng'ombe alikufa kabla ya jioni. Tulichimba shimo mbali na kisima, tukalisakafia kwa udongo wa mfinyanzi kama nilivyoona Geita, tukafukia gunia na ng'ombe pamoja. Kufukia nyama mwaka wa njaa, watoto wanatazama, si jambo la kusimulia mara mbili. Wale wa Geita walikuwa wakiiondoa sumu kwao. Mimi niliibeba nikawapelekea watu wangu. Siku hizi nikikuta miiba nauliza kwanza inamlinda nani.

Kesho yake nilimpelekea Mama Sayi mtamba wangu mwekundu, ambaye bado hajazaa. Alipokea kamba kwa mikono miwili. Kisha akaniomba radhi: bakuli la Mama Limi lililoletewa ile chumvi bado liko kwake, amekwisha liosha, lakini chombo cha jirani hakirudishwi kitupu, naye kwa sasa hana maziwa ya kutia.