Chumvi ya Nyota

Nikisikia mtu anasema sayansi haina upendeleo, huwa naweka kikombe mezani kwanza, nisije nikamrushia. Sayansi ni watu, na watu wale nawajua. Nilikuwa mpiga chapa katika kituo cha kuangalia nyota kwa miaka kumi na minne. Shangazi yangu, dada wa baba, aliyenilea tangu nina miaka sita, alifanya kazi humo humo, chumba cha tatu kutoka changu, kwa miaka thelathini na mmoja. Walimwita Mama Vioo.

Watu hudhani kwamba mle ndani sote tulikuwa tunakesha tukitazama juu. Shangazi aliingia kazini saa mbili asubuhi, akatoka saa kumi jioni, na nyota zake alizitazama chini, mezani. Waliokesha ni mabwana wenye shahada. Wao walielekeza darubini, wakapitisha mwanga wa nyota kwenye kioo cha kuuchambua mpaka ukatandazika kuwa utepe mwembamba, na utepe huo ukapigwa picha kwenye bamba la kioo lisilozidi urefu wa kidole. Kulipokucha, bamba lilikuwa juu ya meza ya Shangazi, chini ya hadubini, na kuanzia hapo maswali yote aliyauliza yeye.

"Mwanga ni mmbea," aliniambia siku ya kwanza aliponiruhusu nichungulie. "Kila kilichoko kule, unakuja kukitangaza hapa."

Akanionyesha mistari iliyoukata ule utepe. Huu ni wa chuma. Huu wa kalisi. Hii miwili iliyobanana ni ya sodiamu, ile ile iliyomo kwenye chumvi ya jikoni. Kila kitu kina mahali pake na hakikai pa mwenzake. Ukikuta mistari yote imehama kidogo, basi ujue nyota yenyewe inatembea: ikitujia, mistari inasogea upande wa buluu, ikituacha, inasogea upande wa nyekundu. Shangazi hakumaliza hata sekondari. Lakini alijua nyota mia tisa zinaelekea wapi na kwa kasi gani.

Kila mstari aliupima mara mbili. Akishamaliza, alifunika hesabu za kwanza kwa karatasi, akaligeuza bamba ili kushoto kuwe kulia, akaanza upya kana kwamba hajawahi kuliona. Alisema jicho lina mapenzi yake: likishajua unachokitaka, linakupa. Mabwana walimcheka kwamba anapoteza muda, halafu hesabu zake wakazichukua vilevile na kuzitia kwenye makala zao.

Mkuu wa kituo tulimwita Daktari, daktari wa nyota, si wa sindano. Alikuwa mtanashati, mwenye sauti nzuri, na hakuwahi kumaliza wiki bila kutuambia sote jinsi alivyo na kazi nyingi. Siku moja alimletea Shangazi mabamba matatu ya nyota moja aliyoyakusanya kwa miezi kadhaa, amejaa furaha. Kwa kawaida mistari ya sodiamu kwenye nyota ni mapengo; mwanga umemezwa pale. Kwenye mabamba yale matatu mapengo hayakuwapo. Sodiamu ilikuwa inawaka. Daktari alisema nyota ile inatapika gesi, kwamba hakuna aliyewahi kuona kitu cha namna ile. Tiketi ya kwenda kuitangaza kwenye mkutano ng'ambo alikuwa nayo mfukoni.

Shangazi alipima siku tatu. Siku ya nne akapita mezani kwangu bila salamu, jambo ambalo si kawaida yake, akaingia kwa Daktari. Chumba changu kilikuwa ndio sebule ya ofisi ile, na mlango aliuacha wazi.

"Daktari, ile sodiamu si ya nyota."

"Ya nani sasa?"

"Ya hapa hapa. Nyota inatuacha. Chuma chake kimesogea, kalisi yake imesogea, kwa kiasi kilekile. Sodiamu inayowaka haijasogea hata unywele. Nyota nzima imesafiri, chumvi imebaki nyumbani?"

Daktari alicheka. "Hiyo ni gesi iliyotupwa nje, Mama. Ina mwendo wake yenyewe."

"Hata mimi nilifikiri hivyo. Lakini bamba la kwanza ni la mwezi wa pili, na la mwisho ni la mwezi wa saba. Dunia nayo haikukaa kitako muda wote huo, ilikuwa inalizunguka Jua. Kitu chochote cha angani, mistari yake ingecheza kidogo. Hii imeganda palepale. Hiyo ni taa, Daktari."

"Taa gani?"

"Ile ya njano uliyoifungisha kwenye maegesho baada ya kuibiwa kioo cha gari."

Nilisikia kiti kikisogea. Taa zile za njano za barabarani huwaka kwa mvuke wa sodiamu, hilo hata mimi nilikuwa nimeshalijua. Mlinzi aliagizwa aiwashe usiku ambao gari la Daktari lipo tu, na usiku huo huo Daktari ndiye aliyekuwa juu na darubini, paa limefunguliwa, mwanga unaingia kama mgeni asiyebisha hodi. Shangazi alikuwa amekwenda getini kusoma daftari la mlinzi. Mabamba matatu, tarehe tatu, gari la Daktari mara tatu. Mabwana wengine walikuwa wameipiga picha nyota ile ile katika miezi hiyo hiyo, na kwao hakuna kilichowaka.

"Mama," Daktari akasema taratibu, kwa ile sauti yake nzuri, "wewe umeajiriwa kupima. Kufikiri niachie mimi."

Mpaka leo nikilikumbuka neno lile damu inanichemka. Shangazi aligeuka akatoka. Alirudi chumbani kwake, akaandika hesabu zote kwenye kitabu cha vipimo kama alivyotakiwa, na kwenye nafasi ya maelezo akaongeza: haitoki kwenye nyota. Akatia tarehe na sahihi.

Daktari akasafiri, akaitangaza nyota yake, akapigiwa makofi, akarudi na mkoba mpya. Njia ya mwongo ni fupi, na ile yake ilikuwa na urefu wa miezi minne. Vituo viwili vya nchi nyingine vikaielekezea darubini nyota ile na visione chochote kinachowaka. Barua nilizifungua mimi. Nilifurahi, sitaficha. Nilidhani sasa mambo yatanyooka.

Kamati ikaitwa, nami nikawekwa pembeni niandike kumbukumbu. Shangazi aliingia amebeba hadubini, mabamba, kitabu chake cha vipimo na daftari la mlinzi. Mwenyekiti, mzee wa chuo mwenye miwani minene, akainama kwenye hadubini muda mrefu. Shangazi akamgeuzia bamba, akainama tena. Alipoinuka alisema, "Ni kweli," nami nikaandika: ni kweli. Daktari alikuwa anatazama kucha zake.

Kisha wakaenda kunywa chai, na waliporudi walikuwa watu wengine. Kumbe ombi la darubini mpya lilikuwa mezani kwa wafadhili. Haiwezekani, mwenyekiti alieleza, wasikie kwamba mkuu wa kituo hawezi kutofautisha nyota na taa ya maegesho. Kwa hiyo masahihisho yatachapishwa, ndiyo, na yatasema sodiamu ile ilitokana na kosa la upimaji. Na kwa kuwa Mama amebakiza mwaka mmoja tu, angepumzika mapema, kwa heshima zote.

"Kosa la upimaji ni mimi," Shangazi akasema. "Hapa hakuna mpimaji mwingine."

"Hatutataja jina lako, Mama."

"Huko nje wanaomba hesabu za kituo hiki kwa sababu hazijawahi kuwadanganya. Hesabu hizo ni zangu. Mkiandika hivyo, si hii moja tu niliyoikosea. Zote mia tisa nimezikosea." Alikuwa ameshika ukingo wa meza. "Nifukuzeni. Sikatai. Lakini hilo msiliandike."

Mwenyekiti akasema wamesikia. Wakubwa wakikwambia wamesikia, ujue mjadala umekwisha.

Wakamfanyia sherehe ya kumuaga. Soda, keki, saa ya ukutani, na Daktari mwenyewe akasimama kumwita nguzo ya kituo. Alimvika kilemba cha ukoka mbele yetu sote, na watu wakapiga makofi, na mimi nikapiga. Shangazi aliishika saa ile kwa mikono miwili akatazama ukutani.

Jumatatu yake Daktari aliweka karatasi mbili za mwandiko wake juu ya meza yangu. "Leo leo," akasema. "Nakala tatu." Nikasoma. Kosa la upimaji lilikuwamo mstari wa pili, na likarudiwa mwishoni, msomaji asije akalisahau.

Nimekwisha kuwatukana Daktari, mwenyekiti na wafadhili, na wote wanastahili. Sasa zamu yangu. Nilikuwa na watoto wawili shuleni na mume asiye na kazi, na sababu hizo nimezirudia miaka mingi mpaka zimepoteza ladha. Ningeweza kusema siandiki. Ningeweza hata kumuuliza Daktari swali moja tu, nikamtia aibu kidogo. Sikufanya hata hilo. Nikaweka karatasi kwenye mashine na kaboni mbili katikati, nikapiga chapa toka juu mpaka chini, kwa uangalifu, maana Daktari hakupenda karatasi iliyofutwafutwa. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi ndiye niliyekuwa nguoni mwa Shangazi.

Nakala ya kwanza ilikwenda jaridani. Ya pili ikaingia faili. Ya tatu, kwa utaratibu wa kituo, hupelekwa kwa mpimaji, na tarishi ambaye hakujua lolote akaipeleka nyumbani kwa Shangazi.

Jumamosi nilikwenda kwake. Nilimkuta mezani, miwani puani, karatasi zile mbili zimelala mbele yake. Nikaamkia, akaitikia. Nikabaki nimesimama.

"Hii nani aliipiga chapa?"

"Mimi, Shangazi."

Akapitisha kidole juu ya mistari, mmoja baada ya mwingine, polepole, mpaka mwisho wa ukurasa wa pili. Hakuwa na machozi wala hakupandisha sauti. Afadhali angenipiga.

"Umefanya kazi safi," akasema. "Nimeipitia yote, sikuona kosa hata moja."

Kisha akazikunja karatasi, akaniuliza kama watoto hawajambo.