Bwana Mipaka na Ukuta wa Sebuleni

Mtaa mzima ulimwita Bwana Mipaka, na jina lilimkaa sawasawa. Fundi fremu huyu hakuwa mtu wa mpira wala karata. Ugonjwa wake ulikuwa ramani kuukuu za majimbo ya uchaguzi. Ukimkaribia tu, umekwisha: atakuonyesha jimbo lililomegwa, jimbo lililounganishwa, na lile lililovutwa likawa jembamba kama mkia, eti mbunge fulani asikose kiti. Tano alizitundika sebuleni, kwa mfuatano wa miaka ya kuchorwa, na hakuna mgeni aliyesalimika.

Sasa mkewe, mshonaji, alikuwa amehamishia cherehani nyumbani, na wateja walitaka kioo cha kujitazama wakijaribu nguo. Ukuta wenye mwanga ulikuwa huo huo mmoja.

"Baba, ramani zishuke leo," alisema. "Fundi vioo anakuja kupima."

"Nitaziweka wapi, mama watoto? Chini ya kitanda zitaliwa na mende."

"Basi uza."

Neno hilo lilimchoma. Lakini mke alikuwa na haki, naye alilijua hilo, kwa hiyo akapanda stuli akaanza kuzishusha moja moja, moyo mzito, mkewe akizipokea na kuzifuta vumbi. Miaka yote hiyo mama wa watu hakuwahi kuzitazama. Ya tatu ilipomfikia, akaikodolea macho.

"Kwetu ni wapi hapa?"

Mume akashuka mbio, uso umechanua. Akamweleza: zamani mpaka ulipita katikati ya barabara ya soko, kwao mke upande huu, kwao yeye upande ule, kila watu na kituo chao cha kura. Kwenye ramani hii ya tatu, mpaka umesogezwa hadi mtoni, pande zote mbili zikawa na kituo kimoja.

Mkewe akaufuata mpaka huo kwa kidole. "Kwa hiyo wasingeusogeza, siku ile ya kura nisingepanga foleni nyuma yako."

"Nyuma yangu? Ulinichomekea mbele, mchana kweupe."

"Na wewe ukaniachia."

"Ningefanyaje? Nilishapotea." Akajipangusa macho, akajifanya vumbi limemwingia.

Fundi vioo alipofika, akanyoosha futi yake toka sakafuni hadi dari. Mama akamshika mkono.

"Kikatwe kiishie shingoni. Juu zinarudi ramani, na hii ya tatu iwe katikati."

"Lakini mama, wateja hawataona sura zao."

"Sura zao wanazijua," alisema mama. "Mimi nashona magauni."