Pima Thelathini Hadi Neptuni

Mjukuu wangu aliniomba ukili alfajiri, bado niko juu ya msala. Nikamwambia ukili ni msuko wa miyaa wa kushonea mkeka, si kamba ya kurukia. Ule ulikuwa wa mkeka wa harusi ya watu, umeshasukwa wote na kuviringishwa kama gurudumu, umebakia kushonwa tu.

Akasema mwalimu wao atapita mitaani baada ya alasiri kukagua kazi. Kila mtoto aonyeshe mbele ya mlango wao sayari za mbali ziko mbali kiasi gani na jua. Atakayekosea vipimo hatoingia kundi la sayansi la shule. Kundi hilo amelitamani mwaka mzima. Asubuhi ile hata chai hakuigusa.

Mimi shule niliiacha mapema, lakini pima naijua. Unanyoosha mikono miwili, kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, ndiyo pima. Na kila pima ya ukili huitia uzi mwekundu nisipoteze hesabu. Kumbe yeye alikuwa ameziona nyuzi zile siku nyingi.

"Dunia tuiweke pima moja kutoka kwa jua," alisema. "Mshtarii pima tano na kidogo. Zohali tisa na nusu. Uranusi kumi na tisa. Neptuni thelathini. Na ukili wako ni pima thelathini, Bibi."

"Baina ya Zohali na Uranusi pana nini?"

"Hapana kitu."

"Kutoka jua hadi Zohali, halafu mwendo kama ule ule tena, na hapana kitu?"

"Giza tu."

Sikuyapenda maneno yale, lakini nikampa ukili.

Baada ya alasiri tukaweka sinia ya shaba mlangoni, ndiyo jua. Ukili ukapita kichochoroni mbele ya nyumba ya jirani, ukakata kona, ukaishia kwa fundi cherehani. Mtoto akaweka vikaratasi vyenye majina ya sayari, kila kimoja na jiwe juu yake. Mimi nikasimama na fimbo kuzuia pikipiki.

Jirani alikuwa kibarazani kwake akitazama. Ni shoga yangu tangu tukiwa wasichana. Nilipopasuliwa jicho mwaka huu, ukili nilikuwa nimefika pima kumi na mbili. Yeye ndiye aliyenimalizia, pima kumi na nane, na nyuzi akazitia kwa mikono yake.

Mtoto aliazima futi ya fundi akahakikishe. Alirudi uso umembadilika. Alinong'ona, lakini kichochoro chetu ni chembamba, kila neno husikika.

"Bibi, nyuzi za huku mlangoni zimeachana. Za kule zimekaribiana. Neptuni haifiki mahali pake."

Nilielewa pale pale. Mimi ni mrefu. Shoga yangu ni mfupi, nani asiyejua? Lakini msukaji haambiwi pima yake fupi. Ukili hulipwa kwa pima, kwa hivyo ni kama kumwita mwizi, na neno hilo likitoka hapa litafika mtaa wa Majengo kabla ya magharibi, hatapewa kazi tena.

"Anasema nini huyo?" jirani akauliza.

"Anapima."

"Amesema pima yangu fupi?"

Mtoto akaniangalia, machozi yako karibu. Kule kwenye kona sauti ya mwalimu ilishasikika, akisalimiana na fundi.

"Ni fupi," nikasema. "Mikono yako ni mifupi, Mungu ndivyo alivyokuumba. Simama."

"Nisimame niende wapi?"

"Unyooshe mikono. Tunapima upya kutoka mlangoni, kwa mikono yako, mwanzo hadi mwisho."

"Waniaibisha mbele ya mtoto, shoga."

"Ukikaa ndipo utaaibika. Zikiwa zako zote, hapana ndefu wala fupi. Haya."

Alikawia. Nilidhani ataingia ndani na kufunga mlango. Kisha akakaza leso kiunoni, akashuka. Akaanza kwenye sinia, mikono wazi. Mimi nashika ukili, mtoto anahamisha vikaratasi. Dunia ilisogea karibu na jua. Mshtarii ikasogea, Zohali nayo. Baada ya Zohali mikono ilianza kumchoka, na pale pana masafa marefu yasiyo na kitu, hakuna hata kikaratasi cha kusimamia upumue.

Mwalimu alitukuta hapo, akasimama kando. Tulipomaliza, kipande cha ukili kilibakia baada ya Neptuni.

Mwalimu akatoa utepe wake wa kupimia. Alipima kutoka sinia hadi Dunia, akaenda hadi Neptuni, akapiga hesabu, akarudi kupima tena. Mtoto alikuwa ameshika ukuta.

"Mbona Dunia hukuipa mita moja kamili?"

"Ni pima, mwalimu. Pima ya bibi huyu. Zote ni zake."

"Nani alikwambia lazima ziwe za mtu mmoja?"

"Niliona zikichanganyika Neptuni inapotea."

Mwalimu akakunja utepe. "Jumatatu ukae na kundi," akasema, akaenda zake.

Nilimkaribisha jirani chai. Alipita kama hakunisikia, akafunga mlango.

Asubuhi yake alikuja bila hodi, miyaa kwapani, akakaa chini karibu na ukili.

"Ukili utatosha mkeka?"

"Hautatosha," nikamwambia.

"Basi mimi nisuke," alisema bila kunitazama, "wewe upime."

Nikanyoosha mikono.