Miji Yote Aliyoijua Mzee Twahir

Mzee Twahir aliendesha lori kwa miaka thelathini na mmoja. Alishusha karoti za Gisenyi sokoni Kigali, akarudi na saruji. Alilala Butare, akala Ruhengeri, akaharibikiwa gari katikati ya msitu njia ya Cyangugu. Hata sasa, akili ikiwa imemtoka, ukimuuliza habari za miji anajibu bila kusita:

“Butare iko na watu ya masomo, hakuna kelele. Ruhengeri iko baridi, lakini chakula iko mingi. Kigali, ah, kule mutu anakimbia tu. Gisenyi ni kwetu.”

Majina anayotumia ni ya zamani. Hakuna aliyeweza kumzoesha kusema Huye badala ya Butare, wala Musanze badala ya Ruhengeri. Lakini muulize leo ni siku gani, au mkewe anaitwa nani, utamwona anatazama mikono yake.

Mimi naitwa Béata. Nilihamia Gisenyi na wazazi wangu kutoka Ngara, Tanzania, nikiwa msichana, na mlango wetu ulitazamana na wa Mzee Twahir na mkewe, Bushira. Bushira ni fundi cherehani. Wanawake wanaovuka mpaka wa Petite Barrière kutoka Goma, upande wa Kongo, walimwachia vitenge asubuhi, wakachukua nguo zao jioni wakirudi makwao.

Ugonjwa ulianza na funguo alizosahau alipoziweka, ukaja kwenye sala. Siku moja mzee aliswali adhuhuri mara tatu. Kisha akaanza kutoka nyumbani bila kuaga. Mtaa mzima ukamlea. Muuza mkaa akimwona amevuka duka la mwisho, alimshika mkono na kumgeuza. Waendesha pikipiki walimpakia na kumrudisha. Bushira hakuwahi kufunga mlango.

Kilichowaondoa ni ufa. Ardhi ilipotetemeka mwaka ule volkano ilipolipuka ng’ambo ya mpaka, ukuta wa chumba chao ulipasuka kutoka dirishani hadi chini. Walipaka udongo. Kila masika ufa ukapanuka. Mwaka jana wakaja wataalamu wawili, wakapima, wakaandika alama ya X kwa rangi nyekundu. Hawakuwa wakali. Mmoja alivua kofia kabla ya kusema.

“Mama, nyumba hii inaweza kuwaangukia mkiwa mmelala. Mvua zisiwakute humu.”

Bushira hakubishana. Angebishana na nini? Mkono wake mwenyewe ulikuwa unaingia kwenye ule ufa.

Walianza na Kigali kwa sababu mtoto wao wa kwanza, Mutabazi, anaishi Kimironko na anauza vipuri vya magari. Alikuwa amewaandalia chumba chenye dirisha kubwa. Barabara safi, hospitali karibu, daktari wa mambo ya ubongo yupo. Wiki ya kwanza Bushira alinipigia simu akicheka.

Siku ya tisa, wakati kila mtu ameenda kazini, Bushira alikwenda uani kuanika nguo. Aliporudi ndani, mumewe hayupo.

Hakuna aliyemsimamisha. Mzee amevaa kanzu safi na koti, anatembea haraka kama watu wote wa Kigali; nani angejua amepotea? Walimtafuta kwa muda wa saa saba. Wakampata kituo cha mabasi cha Nyabugogo, amekaa kwenye ngazi ya ofisi ya tiketi, anauliza kila dereva, “Voiture yangu mumeiweka wapi?” akimaanisha lori lake.

Mutabazi alipiga magoti mbele yake akalia. Mzee akamwekea mkono begani.

“Kijana, pole sana. Nani amekufa?”

Kesho yake Mutabazi alinunua kufuli la geti. Tangu hapo mzee alishinda ameshika vyuma vya geti, anasalimia wapita njia, na wapita njia hawageuki.

“Béata, mi siwezi,” Bushira aliniambia. “Hapa iko kila kitu. Lakini naona mume yangu kama mutu ya gereza. Na Mutabazi hana kosa. Ningekuwa yeye, na mi ningenunua kufuli.”

Wakaenda Huye, kwa binti yao Igihozo, ambaye ni muuguzi. Huko Bushira alidhani amepata. Mji umetulia, watu wanatembea taratibu, na mtaa umejaa wanafunzi wa chuo waliopanga vyumba. Mzee alitoka mara mbili, na mara zote mbili wanafunzi walimkalisha kivulini, wakamsikiliza habari za lori lake, wakatafuta kwake hadi wakapata.

Kisha chuo kikafungwa. Katika siku mbili vyumba vyote vya mtaa vikawa na makufuli nje. Mzee alipotoka mara ya tatu hapakuwa na mtu wa kumkalisha. Wafyatua matofali walimkuta bondeni kesho yake alfajiri, goti linavuja damu, kiatu kimoja hakipo. Igihozo alimfunga bendeji mwenyewe. Alisema ataacha kazi amlinde baba yake. Bushira akamuuliza, “Na watoto yako utalisha nini?” Igihozo akaendelea kufunga bendeji.

Musanze sitaisema sana. Walipanga chumba, mvua ikanyesha siku tatu mfululizo, kifua cha mzee kikajaa, wakarudi.

Waliporudi Gisenyi nyumba yao ilikuwa imeshabomolewa. Niliwatafutia vyumba viwili Rugerero, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka mtaa wetu. Sote tulifurahi. Tuliona wamezunguka nchi na sasa wamefika nyumbani, hewa ile ile, ziwa lile lile, adhana ile ile kwa mbali.

Asubuhi ya kwanza nilikuwapo. Mzee alisimama mlangoni akatazama kushoto, akatazama kulia.

“Huku ni Cyangugu?”

“Hapana, Muzee,” Bushira akamwambia. “Tuko Gisenyi. Tuko kwetu.”

“Usinidanganye, mama. Gisenyi mi naijua.”

Alimwita mama, kama unavyomwita mwanamke usiyemjua uliyekutana naye njiani.

Hapo ndipo nilipoelewa, na nadhani Bushira pia. Tulikuwa tunalinganisha miji, kumbe mji wa mzee ulikuwa ni ule mtaa mmoja: muuza mkaa, duka la mwisho, mlango wangu.

Bushira hakukaa tu. Alimshika mumewe mkono akapita naye nyumba kwa nyumba. “Huyu ni mume yangu. Mukimuona peke yake, mumulete pale kwenye mulango ya bluu.” Watu waliitikia vizuri. Lakini wengi ni wapangaji. Mwezi uliofuata nusu yao walikuwa wamehama, na akaanza upya. Wateja wake wa Goma hawapandi hadi Rugerero. Watoto wanapiga simu kila Jumapili, kila mmoja anamvuta kwake, na kila mmoja ana haki.

Wiki iliyopita nilimtembelea. Mzee alikuwa kwenye kiti, uso ukutani.

“Hatoki tena,” Bushira alisema. “Wiki mbili sasa. Hapotei.” Alinitazama kama anayetaka nimwambie kama hilo ni jambo la kushukuru.

Akakata kwa meno uzi wa nguo aliyokuwa anashona, akauliza, “Béata, we ulitoka Tanzania. Ulikaa siku ngapi hapa mupaka ukaona iko kwako?”

Nilitaka kumdanganya, niseme siku chache tu.

“Miaka,” nikasema.

“Ngapi?”

Mzee alikohoa, akaomba maji. Bushira aliinuka kwenda kumletea, nami nikashika ile nguo aliyoiacha ili isianguke.